Sinza au Tandale: hizo takwimu za uhalifu unazisomaje?

SWALI: Habari kaka, mimi nauza kwenye duka la vipodozi Kariakoo, tunafunga saa mbili usiku so mpaka nifike home inagonga saa tatu na kitu. Nimepata chumba Tandale laki moja na kingine Sinza laki na themanini. Nimegugo usalama wa Dar nikakutana na index ya uhalifu ya ile tovuti ya Numbeo, halafu jamaa mmoja ananiambia eti kitakwimu Kariakoo ni hatari kuliko Tandale. Hicho kiwango cha uhalifu kinapigwaje, na mimi niamini kipi?

JIBU: Salama dada. Kazi yangu ni hizi hizi hesabu za matukio kwa hiyo umenigusa penyewe.

Ya Numbeo weka pembeni kwanza. Pale hakuna aliyehesabu tukio hata moja, ni watu wanaingia mtandaoni wanajaza wanavyojisikia, unaogopa kutembea usiku, unaogopa kuibiwa, basi. Ni kipimo cha hofu, na ni cha jiji zima lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, chumba chako hakimo humo.

Kiwango chenyewe hesabu yake ni ya darasa la saba: matukio ya mwaka, gawanya kwa idadi ya watu, zidisha mara 100,000. Balaa liko kwenye hiyo "idadi ya watu". Kariakoo kwenye sensa ya 2012 kata nzima ilikuwa na wakazi 13,780 tu, maana sensa inahesabu mtu alipolala, na Kariakoo watu hawalali, wanauza na kusepa. Tandale mwaka huo huo ilikuwa na 54,000 na ushee. Sasa tuseme (namba ya kutunga hii, ya mfano tu) kila kata iwe na wizi 400 kwa mwaka. Tandale inakupa kama 730 kwa kila watu laki, Kariakoo inaruka mpaka 2,900, mara nne! Wakati wewe mwenyewe unaijua Kariakoo saa sita mchana, ile nyomi ya wateja wa Mtaa wa Congo, wamachinga, wabeba mizigo, watu wa mikoani, wote hao wanaweza kuibiwa pale lakini kwenye kugawanya hawamo. Ukiweka watu 200,000 wa mchana badala ya hao wanaolala pale, kile kile 400 kinashuka mpaka 200 kwa laki. Jamaa yako hajadanganya, kagawanya kwa watu wasiohusika.

Halafu kuna hili watu hawalijui. Ripoti ambazo Polisi wanatoa na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) zimepangwa kwa mikoa ya kipolisi, yaani ukisoma Kinondoni, humo humo kuna Masaki ya wenye pesa na kuna Tandale. Mtu akikuambia Kinondoni uhalifu umeshuka, muulize umeshukia upande gani.

Na hata hicho kinachohesabiwa ni kile kilichofika kituoni. Chukua simu. Dada kakwapuliwa simu na watu wa pikipiki, anachotaka yeye ni kurudisha laini yake, M-Pesa yake iko mule, kwa hiyo anajaza loss report, ile taarifa ya polisi ya mali iliyopotea, siku hizi hata mtandaoni, anaandika "nimepoteza". Kapata karatasi, karudisha laini, maisha yanaendelea, na kitakwimu hakuna aliyeibiwa, kuna simu iliyopotea. Gari likiibiwa lazima ufungue kesi maana bima wanataka ripoti ya polisi. Mauaji nayo hayafichiki, ndio maana sisi tukitaka kulinganisha sehemu mbili tunaanza na mauaji na wizi wa magari, wizi wa simu tunauangalia kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo mtaa wenye kituo kinachosikiliza watu unaweza kuonekana mbaya kwenye karatasi kuliko mtaa ambao watu walishakata tamaa ya kwenda kuripoti.

Sasa chumba chako. Swali lako mimi ningeligeuza: saa tatu usiku, peke yako, na pochi, kutoka kituoni mpaka mlangoni ni dakika ngapi na unapita wapi? Ukipanda mwendokasi, ya Sinza unashuka Shekilango unaunga boda au daladala, ya Tandale unashuka Manzese au Argentina unaingia ndani. Hicho kipande cha mwisho ndio usalama wako wote. Sinza ina baa na gesti kibao, watu wako macho mpaka usiku mnene, raha kwa mtu anayetembea, ila walevi na vurugu za wikiendi utazipata. Tandale ya kwenye barabara zilizojengwa na DMDP, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar, zenye taa, ni kitu kimoja, Tandale ya vichochoro vya kupita kiubavu ni kitu kingine kabisa, na dalali atakuonyesha zote mbili saa tano asubuhi, jua kali, anatabasamu.

Nenda mwenyewe siku ya kazi, saa tatu hiyo hiyo, na mtu. Angalia wakala wa pesa wanafunga saa ngapi, hao ndio wenye cash mkononi, hawadanganyiki. Wakala akifunga saa kumi na mbili jua likizama tu, ana sababu yake. Waulize boda wa kijiweni wapi hawakubali kuingia usiku, watakutajia kona kwa jina. Mjumbe naye muulize kama ulinzi shirikishi upo na unachangiwa shilingi ngapi, akianza kujiumauma ujue haupo. Chumbani cheki dirisha: kama kitanda kitakaa karibu na nyavu, kuna watu wanavua simu kwa mti usiku na grili haiwazuii.

Binafsi hiyo elfu themanini ya tofauti ningeigawa kwanza kwa siku 26 za kazi, inakuja kama 3,000 kwa siku. Kama boda ya kukuingiza Tandale mpaka mlangoni usiku, ukitoa nauli ambayo ungeungia Sinza, ni chini ya hapo, unafuu unabaki Tandale. Kama inafika hapo au inazidi, lipia Sinza. Ukishaenda rudi hapa uniambie, kutoka kituoni mpaka mlangoni umehesabu taa ngapi zinawaka.