Ofa umepata, barua ya kuacha kazi uipeleke lini?

Kama ulichonacho ni simu ya HR (idara ya rasilimali watu) ya mwajiri mpya tu, tulia kwanza. Subiri mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, wenye mshahara na tarehe ya kuanza, na wadhamini uliowaandika kwenye CV wawe wameshapigiwa. Ofa huweza kuvunjika hapo hapo. Ndipo upeleke barua. Tanzania Bara, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, ila mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba nayo, kwa hiyo usipige hesabu za kutumia siku za likizo kama siku za notisi. Ukikataa kuitumikia, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.