Tezi ya shingo na kiu ya pombe: yaliyonikuta Tabora

Dada yangu, umeuliza kama tezi ya shingo ya mumeo, ambayo vipimo vimeonyesha haifanyi kazi vizuri, ndiyo inayomrudisha kwenye pombe kila anapoacha. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwani nilikunywa wanzuki na gongo kwa miaka tisa nikiwa fundi seremala hapa Tabora.

Nilipoacha mara ya tatu ilikuwa Oktoba, mji mzima ukihema kwa joto na kungoja mvua, nami nilishinda karakanani nimevaa sweta, vidole vimekufa ganzi, na ubao wa mninga niliozoea kuupiga randa kwa robo saa ukanichukua asubuhi nzima. Uso ulivimba, choo kikawa kigumu, na sikutamani kitu chochote isipokuwa wanzuki, kwa kuwa nilijua fika kwamba kikombe kimoja kingenichangamsha, ingawa kwa saa moja tu. Ndugu walisema sina nia, na neno hilo liliniumiza sana. Damu ilipopimwa, TSH, homoni inayoihimiza tezi ifanye kazi, ilikuwa juu, na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe, ilikuwa chini: tezi yangu ilikuwa imelegea.

Homoni za tezi huuongoza mwili katika kutumia chakula na kutengeneza joto, na hugusa pia ubongo. Zikipungua, mtu huandamwa na uchovu, baridi na huzuni, yaani mambo yale yale ambayo mnywaji amezoea kuyatuliza kwa pombe. Pombe nayo, ikinywewa kwa wingi kwa muda mrefu, huidhoofisha tezi na kushusha T3, homoni nyingine ya tezi. Ndiyo maana daktari hakuridhika na kipimo cha siku za mwanzo za kuacha. Alikirudia baada ya wiki 6, ndipo akanianzishia levothairoksini, kidonge cha kujazia homoni ya tezi, ambacho hukimeza alfajiri kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya chai.

Kidonge hicho hakikuniondolea hamu ya pombe. Kiliniondolea baridi na uzito wa mwili, nikapata nguvu ya kuhudhuria ushauri nasaha na kubadili njia ya kurudi nyumbani, ile inayopita kilabuni. Mumeo asijiongezee dozi akidhani itakata kiu haraka, maana ikizidi huleta mapigo ya moyo ya kasi na kutetemeka.

Tena, akiacha ghafla na katika siku 3 za mwanzo akatetemeka, akatokwa jasho au akaanza kuweweseka, usiseme ni tezi: hiyo ni arosto, inaweza kuleta degedege na kuua, hivyo mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.