Nusu-otomatiki kwa mbogo? Ngoja kwanza

Ndugu, umeuliza ununue bunduki gani ya nusu-otomatiki (inayojipakia risasi yenyewe kila ukifyatua) ya kuwindia mbogo. Hapa kwetu sahau. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa mwaka 1977, kwa hiyo nadhani safari yako ni Tanzania. Huko nako nusu-otomatiki hairuhusiwi kuwindia. Tafuta bunduki ya bolti (kitasa unachovuta na kusukuma kwa mkono kupakia kila risasi), kaliba, yaani ukubwa wa risasi, .375 H&H (Holland & Holland). Kaliba hiyo imekuwepo tangu 1912 na kwangu mimi bado haijapata mpinzani. Marehemu mjomba alikuwa na bunduki ya aina hiyo: bolti ikiteleza kama imepakwa samli, hata kwenye vumbi la kiangazi. Risasi yake ina gramu 19 hivi, inapenya bega la mbogo mpaka ndani. Ila teke lake begani ukifyatua, wewe! Anza kwa kuizoea kwenye uwanja wa shabaha.