Kuimba kwa mdomo wa kikaragosi

Umeuliza kama mtu anaweza kweli kuishi kwa kuimba na kuchekesha kwa vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa mkono. Anaweza, ila njia ni ndefu. Mtazame Terry Fator wa Texas, Marekani, mwimbaji na mchekeshaji wa vikaragosi. Kwa miaka mingi alizunguka kwenye shule na maonyesho ya mikoani, na aliwahi kupanda jukwaani kwenye ukumbi wa viti 1,000 akamkuta mtazamaji mmoja tu, mtoto. Akafanya onyesho. Mwaka 2007, akiwa na miaka 42, alishinda America's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni, na kupata dola milioni 1. Baada ya hapo akapewa ukumbi wake katika hoteli ya Mirage, Las Vegas, akaimba humo kuanzia 2009 hadi 2020.

Kinachonishangaza zaidi ni ufundi wenyewe: kufanya sauti ionekane inatoka kwa kikaragosi huku midomo yako mwenyewe haichezi. Jaribu kusema "mama" au "baba" bila kugusanisha midomo. Haiwezekani! Wenye kazi hii hutumia ulimi badala ya midomo: "b" inakaribia "d", "m" inakaribia "n", na sikio la msikilizaji linajazia. Sasa ongeza kuimba, tena kwa kuiga sauti za waimbaji maarufu, huku mkono ukifungua mdomo wa kikaragosi kwa kila silabi na uso wako ukijifanya unamsikiliza. Hapo pumzi ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama una sauti, anza na kioo na wimbo mmoja unaoujua vizuri. Kikaragosi hata cha soksi kinatosha.