Mkuu, kabla hujafyatua: yaliyompata mjomba wangu

Mkuu, umeuliza: una bastola ya leseni, unakaa hapa Tanga mjini, vibaka wanaruka ukuta usiku, ukimpiga mmoja risasi uani kwako, sheria itakulinda? Wengi wamekujibu "kwako ni kwako, mpige tu". Mimi nilikaa siku nne mahakamani nikisikiliza kesi ya mjomba wangu, siwezi kuwaunga mkono.

Mjomba alikuwa na shamba la machungwa Muheza na bunduki ya marisau, vibali vyote anavyo. Msimu ule aliibiwa mno. Usiku mmoja akawakuta vijana watatu na magunia. Akapiga kelele, wakatupa magunia wakatimua mbio. Akafyatua. Mmoja akaanguka karibu na mtaro.

Kesi iligeuka siku iliposomwa ripoti ya daktari: marisau yote yaliingilia mgongoni. Wakili wa serikali akalinyanyua shati la marehemu, nyuma matundu matupu. Akaligeuza, mbele zima, hata vifungo vipo. Akauliza, "Alikuwa anakuja kwako au anaondoka?" Mjomba akainamisha kichwa. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 hadi 18C. Haki ya kujilinda, kumlinda mwenzio na kulinda mali ipo, tena wazi. Ila 18B inataka nguvu ya kadiri, ile inayohitajika kwa ulinzi huo. Ukizidisha mtu akafa, umeua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. 18C ndiyo inayotaja pale haki hiyo inapofika hadi kuua: umeshambuliwa kiasi cha kuamini, kwa sababu za maana, kwamba utakufa au utaumizwa vibaya, ubakaji, utekaji, unyang'anyi na mengine ya uzito huo. Kwa hiyo anayevunja mlango wa chumba cha wanao, panga mkononi, si sawa na aliyebeba ndoo na mguu mmoja uko juu ya ukuta.

Leseni yako, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015, ni ya kumiliki. Haijibu kwa nini ulipiga.

Usikate tamaa lakini. Ukijitetea kwamba ulikuwa unajilinda, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka, kwamba hukuwa unajilinda.

Ikitokea, Mungu aepushie mbali, majeruhi awahishwe hospitali, polisi waitwe hapo hapo, na usiguse kitu. Mjomba aliokota ganda la risasi akalitia mfukoni kwa kuchanganyikiwa tu, na mahakamani lilimtesa kweli kweli: kila jibu alilotoa lilionekana la mtu anayeficha. Tafuta wakili kabla hujaandika maelezo.

Na huo ukuta wako, mkuu, una taa? Anza na taa, kisha komeo la chuma mlango wa chumbani. Wiki hii hii.