Kanisa Jeupe, Askari wa Shaba: Kamera Inavyodanganyika Juani

Binamu yangu alipokuja Dar kutoka Mwanza na mchumba wake, nilijitapa: picha niachieni mimi. Nilikuwa nimenunua kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, tukaenda moja kwa moja Azania Front, lile kanisa la Kilutheri linalotazama bandari, kuta nyeupe na vigae vyekundu hadi juu ya mnara. Saa tano asubuhi, jua linachoma. Picha ya kwanza kanisa likatoka kijivu, utadhani halijapakwa chokaa tangu Wajerumani waondoke. Nikaongeza mwanga. Jua likipiga kioo cha nyuma ya kamera, kile cha kuonyesha picha, naona giza tupu, nikaongeza tena na tena. Usiku nikafungua kompyuta: anga hakuna, ukuta umeungua, na gauni la mchumba wa watu halina hata mkunjo mmoja.

Kumbe kamera haijui kama inatazama kanisa au gunia la mkaa. Mita yake ya mwanga inataka chochote kilicho mbele yake kitoke na mwanga wa wastani, kijivu cha katikati. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Kwa hiyo kitu cheupe unakiongezea mwanga, ingawa akili inakwambia upunguze. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-. Pale Azania Front juani mimi huanza na +1, yaani mwanga mara mbili: nikiwa kwenye ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi), kamera ikinipa spidi ya 1/1000 ya sekunde, naishusha hadi 1/500 na weupe unarudi.

Sanamu ya Askari, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapo, ndiyo iliyonisumbua zaidi. Yule askari wa shaba nyeusi yupo pale Barabara ya Samora tangu 1927, singe ameielekeza bandarini. Ukimpiga kutoka chini, nyuma yake ni anga. Mita inapima anga, yeye anabaki kivuli. Uso huuoni, sare huioni. Wengi hukimbilia +2. Askari anaonekana, sawa, lakini anga linageuka karatasi. Ukipima kwa nukta, yaani mita isome sehemu ndogo tu ya fremu, juu ya shaba yenyewe, mita nayo inataka kuifanya shaba nyeusi iwe ya kijivu, kwa hiyo hapo unashusha hadi -1. Siku hizi mimi nahama tu: narudi nyuma, navuta kwa lenzi ndefu, nazunguka mpaka nyuma yake pawe na ghorofa badala ya anga, ndipo napima nukta.

Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la adhuhuri Dar hupita karibu utosini kabisa. Kivuli kinachoanguka chini ya kofia ya askari saa hizo hakuna kitufe cha kukiondoa. Nenda saa moja na nusu asubuhi.

Na kioo cha kamera usikiamini juani. Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: kilima kikibanana kwenye ukingo wa kulia, umeunguza. Kamera nyingi pia zina onyo la kupepesa sehemu zilizoungua, liwashe. Ukipiga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, giza unaweza kuliokoa nyumbani, ila kilichoungua kimekwenda. Ndiyo maana hata ile +1 yangu si amri: ukuta ukianza kupepesa, narudi +0.7.

(Ukiwa maeneo ya Kivukoni, lenzi usiielekeze Ikulu. Hapo histogramu haitakusaidia.)

Binamu na mkewe walirudi Desemba, ndoa imeshafungwa. Niliwaamsha saa kumi na mbili, bibi harusi akanuna njia nzima. Picha ipo sebuleni kwao sasa, na vigae vya mnara unaweza kuvihesabu.