Ukomo wa watalii: kwa nini Boracay ina idadi mbili?

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili katika utalii, na utafiti wangu unalinganisha visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Kuhusu Boracay, Ufilipino, ninakuta idadi mbili, 19,215 na 6,405, na zote zinaitwa ukomo wa watalii. Ipi ni sahihi, na hukokotolewaje? Je, kanuni hiyohiyo inafaa kwa Maya Bay, Thailand?

Jibu: Ndugu msomaji, zote mbili ni sahihi, ila kila moja inapima kitu chake. Watalii 19,215 ni wale wanaoweza kuwapo kisiwani kwa wakati mmoja, na 6,405 ni wanaoruhusiwa kuwasili kwa siku. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili utapata 3 kamili, nazo ndizo siku ambazo mtalii wa wastani alikadiriwa kukaa. Mambo mengi yanaitegemea hiyo 3: endapo wageni wataanza kukaa siku 4, kisiwa kitajaa kwa watu wapatao 4,800 tu kwa siku, na mamlaka itakayoendelea kuruhusu 6,405 itakuwa imevuka mpaka wake yenyewe bila kukiuka agizo lolote. Kwa hiyo usiandike idadi yoyote ya ukomo bila kueleza muda wa kukaa uliotumika.

Idadi hizo zilitokana na tathmini iliyofanywa chini ya wizara ya mazingira ya Ufilipino, wakati kisiwa kilipofungwa kwa watalii kuanzia Aprili 26 hadi Oktoba 26, 2018, baada ya kubainika kwamba majitaka ya baadhi ya hoteli na nyumba yalikuwa yakitiririka baharini. Tathmini hiyo iliweka jumla ya watu 54,945 kisiwani kwa wakati mmoja, na kati yao 35,730 si watalii, bali ni wakazi, wafanyakazi na wengineo. Watafiti wengi hunukuu idadi ya watalii na kuiacha hii ya wasio watalii, nami naona ndiyo yenye uzito zaidi. Kisiwa chenye eneo la takriban hekta 1,000 hakibagui majitaka ya mgeni na ya mpishi aliyemwandalia chakula. Hoteli mpya inapojengwa, huajiri watu, na watu hao huhitaji makazi, maji na choo palepale, hivyo mzigo huongezeka hata kama geti la bandarini limehesabu watalii barabara.

Sasa tuje kwenye ukokotoaji. Mbinu inayotumiwa sana katika maeneo ya hifadhi ni ile ya mtaalamu wa uhifadhi Miguel Cifuentes ya mwaka 1992, ambayo huenda kwa hatua tatu. Kwanza hutafutwa uwezo wa kimaumbile. Tuchukue mfano wa kubuni wa ufukwe wa mita za mraba 10,000: ukimpa kila mtu mita za mraba 10, watatosha 1,000 kwa wakati mmoja, na ufukwe ukiwa wazi kwa saa 8 huku kila mmoja akikaa saa 2, zitapatikana zamu 4, yaani watu 4,000 kwa siku. Hatua ya pili hupunguza idadi hiyo kwa mambo kama mvua, kujaa kwa maji au msimu wa wanyama kuzaliana. Hatua ya tatu huipunguza tena kwa kuangalia kama wapo askari wa hifadhi, vyoo na vifaa vya kutosha kuwahudumia watu hao.

Angalia hatua ya kwanza kwa makini. Ukibadilisha mita 10 kuwa 5, watu 4,000 wanakuwa 8,000. Ukiweka 20, wanabaki 2,000. Hesabu haina kosa popote, lakini kipimo kile hakikutoka baharini, kilichaguliwa na mtu. Ndiyo maana namsihi kila mwanafunzi aeleze katika sura ya mbinu ni nani aliyechagua kipimo na kwa sababu gani, kisha aonyeshe matokeo kwa vipimo viwili au vitatu.

Kuhusu Maya Bay, unaweza kuitumia kanuni hiyo, lakini peke yake itakupotosha. Ghuba hiyo ndogo ya kisiwa cha Phi Phi Leh ilifungwa Juni 2018 na kufunguliwa Januari 2022. Kabla ya kufungwa ilifikia kupokea maelfu ya watu kwa siku, na matumbawe yake yaliharibika vibaya. Hata hivyo tumbawe halivunjwi na mtu aliyeketi mchangani. Huvunjwa na nanga na miguu ya waogeleaji, na hufunikwa na mchanga unaotibuliwa na injini za boti. Ghuba ilipofunguliwa, idadi ilipunguzwa hadi watu mia chache kwa zamu, lakini pia boti zilizuiwa kuingia na kutakiwa kushusha abiria upande wa nyuma wa kisiwa, na kuogelea kukapigwa marufuku. Papa wenye ncha nyeusi za mapezi, ambao walikuwa wametoweka, walirudi ghubani wakati wa kufungwa.

Kwa ulinganisho wako, basi, ningeanza na kinachokwamisha kwanza katika kila mahali. Boracay ni majitaka na makazi, kwa hiyo pima uwezo wa mitambo ya kusafisha majitaka dhidi ya watu wote wanaolala kisiwani. Maya Bay ni mienendo ya boti na waogeleaji, kwa hiyo tafuta takwimu za hali ya matumbawe kabla na baada ya 2018, kisha uziweke sambamba na tarehe ambayo kila katazo lilianza kutekelezwa. Kanuni ya Cifuentes itumie baada ya hapo, katika jedwali moja, ikiwa na vipimo vyake vyote wazi.